Mashimo Tisa Mteremkoni

Fundi cherehani huyu hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Ukitaka kumuuliza, atakuwa ameshakujibu kabla hujamaliza swali. Ameshona miaka arobaini, na hadi leo mtu akipita barabarani yeye humpima kwa macho, bega, kiuno, pindo, kisha hunyamaza na hesabu zake. Ndiyo maana alipoamua kuandaa uwanja kwa ajili ya uzio hakuita mtu. Ardhi nayo, alisema, ni ya kupimwa tu.

Uzio wenyewe ulikuwa kwa ajili ya mumewe. Alikuwa dereva wa malori, na mtaa mzima bado humwita Dereva, ingawa macho yalimzimika miaka miwili iliyopita. Uwanja wao unateremka kutoka mlango wa jikoni hadi mtaroni, tena umelalia upande wa kushoto. Mwezi uliopita Dereva aliteleza, akabingirika mpaka mtaroni. Alitoka na mchubuko wa goti na matusi mawili matatu, lakini binti yao aliposikia alikata shauri. Angekuja Jumamosi, na akikuta hakuna uzio, baba anahamia kwake, ghorofa ya tatu.

"Ghorofani nitafanya nini?" Dereva aliuliza. "Nihesabu ngazi?"

Basi wakaivalia kazi njuga. Bibi alifyeka majani, akang'oa visiki, akafunga kamba ya kukata uwanja, kutoka kigingi hadi kigingi, akapima kwa futi yake ya kushonea. Mzee alipiga magoti akachimba, akitoa udongo kwa kopo. Mkono ukizama hadi begani, shimo limetosha. Siku tatu, mashimo tisa.

Ijumaa asubuhi mchomeleaji akaleta fremu za chuma za uzio, za mita mbili mbili. Ya kwanza ikagoma kuingia.

"Mama, ulipima vipi?"

"Nilifuata ardhi. Kwani kuna kupima kwingine?"

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Aliupima mteremko kama anavyompima mteja nyonga, futi ikilala juu ya mwili. Fremu hazilali, husimama sawa, zikishuka kama ngazi, na nafasi zake hupimwa kwa kamba iliyonyooka hewani. Shimo la pili lilikosea vidole viwili. La tisa, zaidi ya futi moja. Mchomeleaji alieleza kwa adabu, akaenda kufuata nguzo na wenzake wawili wa kusaidia kuchimba upya.

Bibi alikaa chini kwenye udongo, uso umemshuka.

"Leo umeharibu kitambaa," Dereva alisema, wala hakuificha furaha yake.

"Niache mie."

"Maadamu tunafumua," mzee akasema taratibu, "si unipanulie kidogo?"

"Nikupanulie nini?"

"Kutoka mlangoni mpaka mtaroni ni hatua ishirini na mbili. Nazihesabu kila siku. Kamba yako iko hatua ya kumi."

Bibi hakuwa amemwambia mtu hilo. Kila alipotaka kuishusha kamba alimwona mumewe akibingirika, akairudisha juu. Alidhani asiyeona hatajua.

"Nilikuogopea," alisema. "Ulipokaa kimya kule chini, nilijua nimekupoteza."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Lakini binti yako anataka kuniweka ghorofa ya tatu, na wewe hatua ya kumi. Mnatofautiana ngazi tu."

Bibi alinyanyuka, akang'oa kigingi, akachukua nyundo, akamshika mumewe mkono, wakaanza kushuka. Hatua ya kumi na tano akasimama. Akakigusisha kigingi ardhini, na mzee akasikia.

"Kama hapa ndipo unapopaweza, basi hapa," akamwambia.

Bibi aliutazama mtaro. Kisha akaendelea kushuka, polepole, mzee akihesabu kwa sauti. Ya ishirini akapiga magoti, akamkabidhi Dereva nyundo, akakiweka kichwa cha nyundo juu ya kigingi apajue. Akakishika kigingi kwa mikono miwili, ile ile ya kushonea, akamwambia apige.