Kumi na Tano Kila Upande

Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga virago, vitabu vyao vilimwagwa kwa mafungu sokoni Mikindani. Kimoja nilikiokoa mikononi mwa muuza bisi, keshachana kurasa za mwanzo kufungia bisi zake. Kilikuwa cha michezo ya hesabu na kiinimacho. Nilikuwa likizo, nimetoka sekondari, nikakisoma huku natembea, nikajikwaa njia nzima.

Ukurasa mmoja ulinisimamisha. Mraba wa vyumba tisa, namba moja hadi tisa, na ukijumlisha kwa kulala, kwa kusimama au toka pembe hadi pembe, unapata kumi na tano. Mraba huo nilikuwa nimeuona! Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliuandika kwa tarakimu za Kiarabu kwenye hirizi za wajawazito.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla zilikuwa zimeharibika, na hii aliilinda kwa hirizi aliyoifunga mkononi. Alipoivua kwenda kuoga, nikaifumua kwa wembe. Ni ule ule! Nikarukaruka uani kama mwehu.

"Umefanya nini, wewe?" Dada alitoka bafuni kanga ikichuruzika maji.

"Dada, jumlisha! Nne, tisa, mbili!"

"Msomi wetu kapata wazimu." Lakini alikuwa muuza samaki, kujumlisha kwake ni kufumba na kufumbua. Akapiga mstari wa kwanza, wa pili, akaanza kucheka. "Kumi na tano tena! Na huku pia!" Tukashikana mikono, tunacheka. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo humu hamna kitu?"

"Hamna, dada. Hesabu tu."

Hilo ndilo kosa langu. Aliniuliza kama atapona, nami nikamjibu kama niko darasani.

Mama aliishona upya siku ile ile, akamfunga. Uchungu ulipomshika, dada aliivua mwenyewe. Nilikuwa nje ya dirisha la chumba cha kuzalia, nikamsikia mkunga: "Ishike, mwanangu, ikutie nguvu."

"Nishike nini, bibi? Najua kilichomo."

Toka asubuhi hadi alasiri alilia kilio cha woga. Mtoto alizaliwa mzima, mnene, watu wakanipongeza kwa kuwa mjomba. Dada hakunilaumu hata siku moja. Lakini mimba nyingine hakuitaka, na mumewe alipomuuliza sababu, alisema hawezi kuingia chumba kile tena mikono mitupu.