Paka Asiyekula Peke Yake

Kobina Essandoh alipokufa, ndugu zake wa upande wa mama hawakukawia. Kwa Wafante wa pwani ya Ghana mali ya mtu humwendea mtoto wa dada yake, na mjane huondoka na vyungu vyake. Kwa hiyo mashine ya kusaga mahindi, nyumba na ghala vikawa vya mpwa wake, Ebo Tawiah. Araba Tekyiwa, aliyeishi na marehemu miaka ishirini na sita na kuifagilia hiyo mashine kila alfajiri, akaachiwa chumba cha uani, karibu na choo. Kufa kufaana, tusidanganyane.

Jambo la kwanza Ebo alilofanya ni kumwaga sumu ya panya ghalani. Panya mmoja akaila, na paka wa marehemu akamla panya. Paka huyo aliitwa Obinnim, yaani hakuna ajuaye, maana watu wa pale huwapa wanyama wao majina ya kuwasema majirani. Alitapika, akatetemeka siku mbili, kisha akajilaza kando ya mashine kama gunia tupu.

"Mkaza mjomba, hebu ondoa hili zoga lako," Ebo alisema, akimsukuma paka kwa ncha ya kiatu.

"Leo limekuwa langu?"

"Lako. Kalizike unakojua."

Araba akambeba ndani ya kitambaa chake cheusi cha ujane.

Sumu ilitoka, uhai ukabaki, lakini hamu ya kula haikurudi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuguza paka. Huyu aliulizwa, akabembelezwa, akaapiwa, na bado aligeuzia uso ukutani. Araba alimfuta pua kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa paka asiyesikia harufu hali. Alichambua samaki wa kubanika, akaondoa miba, akampasha moto hadi harufu ikafika barabarani. Akampaka paka kidogo unyayoni ili ajirambe. Obinnim akakung'uta mguu tu.

Jirani yake Yaaba, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa yanayopikwa ndani ya majani, alichungulia mlangoni. "We dada Araba! Hata mume hukumbembeleza hivyo."

"Mume alikuwa anakula."

"Na wewe je? Tangu maziko nakuletea kenke zangu, unanirudishia na majani yake, hata hujazifungua. Endelea hivyohivyo. Hao wakwe zako wanangoja ufe tu, wachukue na hiki chumba."

Maneno hayo yalimchoma Araba. Jioni ile, kwa hasira zaidi kuliko njaa, aliketi sakafuni, akaifungua kenke, akamega tonge na kulitowelea kichwa cha samaki. Obinnim akainua kichwa.

Hapo ndipo Araba alipokumbuka. Kila adhuhuri marehemu alikula sakafuni kando ya mashine, miguu mitupu, akitafuna yeye kwanza ndipo akammegea paka. Mnyama huyu hakuwahi kula peke yake maishani mwake. Araba akatoa kipande cha samaki mdomoni mwake, akakiweka kiganjani. Ulimi mkavu ukamgusa kidole. Alilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya maziko wakwe walikingoja wasikipate.

Tangu siku hiyo wakala wawili, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Baada ya wiki tatu manyoya ya Obinnim yaling'aa, na mashavu ya Araba nayo yakajaa.

Ghalani panya walikuwa wamerudi kwa wingi. Wateja walikuta mavi ya panya kwenye unga, wakahamia kwingine. Ebo akaja uani na kikapu.

"Mkaza mjomba, nimemfuata paka wa mjomba."

"Si ulisema wangu?"

"Nilikupa zoga. Huyu mzima. Na mali ya mjomba iko kwa nani, kila mtu anajua."

Roho ilimtuma Araba anyamaze. Lakini alitaka paka aishi, hata kama ni kwa mshenzi huyu.

"Basi nisikilize, mwanangu. Huyu hali peke yake. Vua viatu, kaa chini naye, tafuna wewe kwanza, ndio umpe kwa mkono."

Ebo akacheka hadi akashika kiuno. "Mimi? Mwenye mashine, nikae chini nimtafunie paka? Acha utani, mkaza mjomba. Njaa itamfundisha."

Njaa haikumfundisha. Siku ya tisa Ebo alikirudisha kikapu, Obinnim ndani amebaki mifupa, akakitua kizingitini kwa Araba, akasimama mbali kidogo.

"Mchukue. Ni wako."

Araba akamtoa paka kikapuni. Alipasha samaki, akamfuta paka pua, akampakata, akaifungua kenke na kuanza kutafuna.

"Obinnim, baba, ona. Mimi nakula. Haya, na wewe."

Paka akamlamba kidole mara moja, akaacha. Araba aliendelea kutafuna na kummegea, hadi kiganja kikajaa vipande na kile kimwili mapajani kikapoa. Ndipo akalitema tonge lililokuwa mdomoni. Akaifunga kenke iliyobaki katika majani yake, akampelekea Yaaba.

Yaaba akafungua mdomo ili amtanie, akamtazama usoni, akaipokea.