Anaogelea Mpaka Kamba Inapoishia

Jua ndiyo kwanza linachungulia upande wa msitu, na ukungu haujaondoka juu ya mto. Chini ya maporomoko, nyuma ya miamba inayokata nguvu za maji, kuna kidimbwi kitulivu ambacho wavuvi wa hapa wote walijifunzia kuogelea wakiwa wadogo. Asubuhi hii hakuna mtoto ndani yake. Kuna mwanamume mzima, mwenye mvi kidevuni, anayapiga maji kwa mikono na miguu kana kwamba yamemtukana.

Mama yake yupo pale pale, juu ya jiwe, ameketi na liputa, kitenge chake cha kujifunga, amelikaza kiunoni. Mkononi ameshika kamba. Upande wa pili wa kamba hiyo amefungwa mwanawe.

“Mama Adèle!” anaita mwanamke mmoja anayeshuka na ndoo. “Leo umevua samaki gani?”

“Kambale ya ndevu,” anajibu bi kizee bila kugeuka. “Lakini haiuzwe.”

Ukingo mzima unaangua kicheko. Mwanamume aliye majini naye anacheka, anameza maji, anakohoa, na kamba inamvuta taratibu mpaka kwenye jiwe.

Huyo ndiye Papa Zéphirin, msuka kamba na mitego ya samaki. Amezaliwa kando ya maporomoko, amekula samaki wa hapa tangu aote meno, na kuogelea hajui. Au tusimwonee, anajua kidogo. Anaogelea mpaka kamba inapoishia.

“Batu wanacheka, bon, wacheke,” anasema huku akijikausha kwa kitambaa. “Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Na mwaka huu mie nimeshavua.”

Karatasi za ofisini zinauita mji huu Stanleyville, lakini kando ya mto watu wanasema Kisangani, na hapa kando ya mto ndipo mambo yote ya Papa Zéphirin yalipo. Wavuvi wa maporomoko husimamisha nguzo kubwa za miti katika matundu ya mwamba, wakazifunga kwa mitambaazi ya msituni, kisha wakaning’iniza vikapu vyenye midomo mipana katika maji yanayokimbia. Kila mwaka mto ukijaa huondoka na baadhi ya nguzo. Ukishuka, watu huzisimamisha upya.

Katika ukoo wa Zéphirin kuna sheria moja ya wazee. Nguzo ya kwanza lazima ipate tundu lake kwa mguu wa mwenye mahali pa kuvulia. Wenzake watamsaidia kubeba nguzo, lakini yeye habebwi. Ataingia majini mwenyewe, atapapasa mwamba kwa unyayo mpaka alipate tundu, ndipo wengine washindilie. Mwenye mahali asipoingia, mahali pale panakwenda kwa ndugu mwingine wa ukoo.

Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake, Félicien, mwogeleaji ambaye hata sasa watu wakimtaja hutikisa kichwa. Msimu uliopita Félicien alianguka kutoka juu ya nguzo, akavunjika nyonga. Leo anatembea kwa fimbo mbili. Watoto wake wote ni mabinti, na nguzo kwa desturi ni kazi ya wanaume. Amebaki Zéphirin.

“Ile fasi ni ya papa yetu,” anasema Félicien, akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. “Nyumba tatu zinakula pale. Tukiipoteza, njo tumemupoteza papa mara ya pili. Na mutu ya kuikamata iko moya tu, yule kambale.”

Anasema hivyo anacheka, lakini macho hayacheki.

Ilikuwaje basi mtoto wa maporomoko akakua bila kuogelea? Jibu analo Mama Adèle, na halitoi haraka. Kwanza anakuletea lituma, ndizi za kupondwa, na kipande cha samaki wa kubanikwa, anakutazama unavyokula, anakulaumu kwamba unakula kama padri aliye safarini. Ndipo anaanza.

Alikuwa na binti, Anne, aliyemfuata Félicien. Siku moja mtoto yule alikwenda kuosha mihogo na wenzake, kikapu kikateleza, akakifuata. Wenzake walirudi na kikapu. Zéphirin wakati huo alikuwa bado mgongoni.

“Félicien alikuwa ameshakuwa samaki, siwezi kumufunga,” anasema Mama Adèle. “Lakini huyu, nilisema, huyu mayi haitamukamata. Nikasuka kamba, nikamufunga kiunoni. Na ncha ile nyingine nikafunga kwa kisiki.”

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung’ongo hushtuka. Hakuna aliyemlaumu. Lakini watoto ni watoto. Walimwita Zéphirin “mbuzi ya Mama Adèle,” wakawa wanapita karibu yake wakilia mee, kisha wanaruka majini kutoka juu ya mwamba mmoja baada ya mwingine.

Ukimsikiliza Papa Zéphirin akiyasimulia hayo, utadhani anasimulia sikukuu. Anakumbuka jinsi jua lilivyowaka juu ya migongo yao. Anakumbuka meli ya magurudumu ikipiga honi kule bandarini, na wenzake wote wakipiga kelele kuijibu. Anakumbuka nguo zao, kwa sababu walimwachia yeye azilinde, hata leo anaweza kukuambia nani alikuwa na kaptula yenye kiraka cha gunia. Jioni walimlipa kwa visamaki vidogo, wakavioka pamoja pale pale kwenye kisiki.

“Mie sikulia,” anasema. “Ah, kidogo nililia. Lakini mikono ilikuwa huru. Donc, nilikuwa ninafumua mwisho wa kamba, ninaisuka tena. Ninafumua, ninasuka. Mama akikuja jioni anakuta kamba mupya.”

Ndivyo alivyopata kazi yake. Akiwa kijana mdogo tayari wavuvi walikuwa wakimletea mitambaazi awasukie kamba, na leo kamba zake zinafunga nguzo nyingi za maporomoko. Kamba moja ndefu inampa faranga ishirini, na mtego mkubwa zaidi ya hapo. Si utajiri, lakini sufuria ya nyumbani haijawahi kulala tupu.

Aibu ya maji ilimfuata hata ukubwani. Alipokwenda kumposa Clothilde, msichana wa Lubunga, ng’ambo ya pili, ilimbidi avuke kwa mtumbwi na jogoo wa mahari. Katikati ya mto mtumbwi ukayumba. Zéphirin akashika mbavu za mtumbwi kwa mikono yote miwili, na jogoo, kwa kuwa hakuna aliyemshika tena, akarukia majini.

“Na ile jogoo ilifika!” anasema Clothilde, akipiga kofi juu ya paja. “Ilipiga mabawa mpaka ukingo, ikapanda kwetu mbele yake. Papa yangu alisema, alors, huyu jogoo ninaijua. Sasa bwana-arusi iko wapi?”

Wana mtoto mmoja, Berthe, mwenye miaka sita. Na Berthe naye, ukimkuta kando ya kidimbwi, utamkuta na kamba kiunoni. Bibi yake amemfunga kwenye kisiki kile kile.

Tangu baada ya Pasaka ya mwaka huu wa 1956, kila asubuhi, Zéphirin amekuwa akijifunza. Mama Adèle alikubali kwa sharti moja, kwamba kamba ashike yeye, na iwe na urefu ule ule wa zamani, kutoka kisiki mpaka mwamba mweusi. Zéphirin, fundi wa kamba wa mto mzima, angeweza kusuka nyingine ndefu mara mbili. Mama alikataa. “Kamba murefu ni mulango wazi,” alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kila mtu pale ukingoni alijua kwamba tundu la nguzo liko mbele zaidi, kupita mwamba mweusi. Zéphirin alijua. Mama yake alijua.

Binamu yao Théodore, ambaye ndiye angepewa mahali hapo, alikuja kuwaona mapema mwezi huu. Ni mtu mpole, si mtu wa kugombea. “Ndugu yangu, mie sina ubaya,” alimwambia Zéphirin. “Lakini mayi ikishuka haingojee mutu. Ukishindwa, uniambie. Usikufe bure.”

“Nitaingia,” alijibu Zéphirin.

Jumamosi iliyofuata asubuhi ile ya kidimbwini, mto ulikuwa umeshuka vya kutosha. Watu walijaa miambani, wazee mbele, watoto juu. Félicien aliletwa amebebwa. Théodore na wenzake waliingia na nguzo, wakaisimamisha kwa kamba ndani ya maji wakimngoja mwenye mahali. Zéphirin alivua shati, akajifunga kamba mwenyewe. Wanaojua mafundo walitazamana, maana halikuwa fundo lake la kawaida. Lilikuwa la kuvuta mara moja likaachia.

Aliingia. Ndani ya kidimbwi alikwenda vizuri, na watu walianza kumhesabia mapigo ya mikono kwa sauti. Alipoupita mwamba mweusi maji yalimpiga ubavuni, na kamba ikakaza. Imeisha. Mbele yake, karibu tu, Théodore alikuwa akipiga kelele: “Huku! Kuya huku!” Tundu lilikuwa pale, na mguu haufiki.

Mfa maji haishi kutapatapa, wanasema, lakini Zéphirin aliacha kutapatapa. Mkono wake mmoja ulishuka kiunoni ukatafuta ncha ya fundo.

Mama Adèle aliuona mkono ule.

“Usifungue!” alipiga yowe. “Zéphirin! Ninakukataza! Usifungue!”

Kisha bi kizee, ambaye tangu siku ya Anne alikuwa hajawahi kuuacha mto umpite magoti, aliteremka kutoka kwenye jiwe lake na kuingia majini. Kamba mkononi. Maji yakamfika magotini, kiunoni, na liputa likaelea pembeni yake. Clothilde alimrukia, akamshika mkono. Mwanamke mwenye ndoo naye akaitupa ndoo akamshika Clothilde, na wengine wakafuata, mpaka ukawa mnyororo wa wanawake kutoka jiweni hadi mahali ambapo maji yalimfika Mama Adèle kifuani. Kila hatua yake ilimpa mwanawe hatua moja.

“Mama, rudi!” Zéphirin alilia, na safari hii alilia kweli.

“Kamba imeisha,” Mama Adèle alijibu, meno yakigongana. “Mie siyaisha bado. Enda!”

Akaenda. Aliingia chini, kichwa kikapotea, kikatokea, kikapotea tena. Kisha Théodore, binamu ambaye angekuwa na haki ya kukaa kimya, akapaza sauti kuliko wote: “Imeingia! Muguu yake imeingia! Shindilieni!”

Nguzo ikashuka kwa kishindo ambacho wazee wanasema wanakisikia miguuni kabla ya masikioni. Zéphirin alivutwa na wanawake mpaka ukingoni, amelegea, anatapika mto. Félicien alikuwa analia waziwazi na hakujali anayemwona.

Mzee mmoja alinung’unika kwamba haijawahi kuonekana, wanawake ndani ya maji siku ya nguzo, na pengine jambo zima halihesabiki. Théodore, bado anatiririka maji, alimgeukia kwa heshima. “Papa, sheria inasema muguu ya mwenyewe. Iko inasema nini juu ya kamba?”

Mzee alifikiri. Sheria haikusema kitu juu ya kamba.

Leo ni Jumatatu, na vikapu viwili vya kwanza tayari vinaning’inia kwenye nguzo mpya. Ile kamba ya kipimo cha Mama Adèle imefungwa kati ya nyumba na mpapai, na juu yake zinakauka nguo za familia. Papa Zéphirin anasuka mtego mlangoni, anapiga chafya, kifua bado kinamsumbua.

“Mwaka kesho nitaingia bila kamba,” anasema. Anacheka. “Bon. Labda na kamba mufupi. Lakini huyu,” na anaonyesha kwa kidevu kule kidimbwini, “huyu ninataka ajue mayi mbele ya kujua kamba. Akikuwa mukubwa, kama nguzo inataka muguu ya mwanamuke, wazee watafute sheria yao.”

Kule kidimbwini Berthe yuko na watoto wenzake, maji shingoni, kiuno kitupu. Leo asubuhi bibi yake alimfungua mwenyewe, bila kumwambia mtu neno. Theluthi ya muda mtoto anazama, theluthi anacheka, uliobaki anamwita bibi yake: “Koko, angalia! Koko, angalia mie!”

“Ninaangalia,” anajibu Mama Adèle kutoka juu ya jiwe lake.

Mikono yake haina kitu cha kushika. Ameshika pindo la liputa lake mwenyewe, kwa mikono yote miwili, na kila Berthe anapozama, analivuta.