Mama Ananitafuta kwa Picha ya Zamani

Nililiona tangazo nikiwa kazini Walikale, katika kibanda cha fotokopi. Lilikuwa kwenye kundi la mtandaoni ambako watu wa Masisi waliopotezana vitani hutafutana. Picha ya kijana mwenye nywele fupi na shati la chuo, na chini yake: "Mama yake iko kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Mwenye amemuona atujulishe."

Kijana huyo alikuwa mimi.

Kijiji chetu cha Kingi kiliposhambuliwa, mama alikimbilia upande mmoja na mimi upande mwingine. Namba yake haikupatikana tena. Nilimtafuta miezi mingi bila kuwaza kwamba naye ananitafuta, na kwamba anayemtafuta ni mvulana.

Mtandaoni nilikuwa na ukurasa wangu, wazi kwa kila mtu: jina la kike nililojichagulia, nimesuka, nimevaa kitenge. Niliandika bila kuficha kwamba mimi ni transjenda, kwamba nilipozaliwa waliniita mvulana na mimi ni mwanamke. Mjini Walikale nilivaa kofia na koti, wakaniita kaka. Hata mimi sikuelewa akili hiyo, kujificha kwa majirani na kujionyesha kwa dunia nzima. Lakini ni huko nilikompata dada mmoja wa Kisangani, transjenda kama mimi, aliyeniandikia siku ambazo sikutaka kuamka. Ni huko pia mtu alikoniandikia kwamba wakinishika watanichoma. Wote wawili walinijua kwa picha ileile.

Namba iliyokuwa kwenye tangazo ilikuwa ya mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka karibu na kambi, aliyeitwa Papa tu. Mama hakuwa na simu. Ujumbe wowote ungefunguliwa kwanza na huyo Papa, dukani, mbele ya wateja, pamoja na picha ya ukurasa wangu.

Nilimpigia dada wa Kisangani.

"Toa picha kwenye ukurasa, ongea na mama, kisha urudishe," akasema.

"Na akiomba picha?"

"Tuma ya zamani."

"Ile anayo."

"Weye na maswali yako! Basi ubaki na picha, mama abaki na matanga."

Chini ya tangazo watu walikuwa wameshaanza kuandika: "Pole Mama, apumzike kwa amani." Niliona wananizika. Sikutoa picha. Nilirekodi sauti, nikaituma kwa namba ile:

"Mama, njo mimi, mutoto yako. Niko muzima, niko Walikale. Ile sufuria tulizika nyuma ya nyumba, sikuambia muntu."

Jibu la kwanza lilikuwa sauti ya Papa. "Eh, dada, weye ni nani? Picha iko ya mwanamuke, sauti iko ya mwanaume. Mama analia hapa. Ni mambo gani hii?"

Nyuma yake mteja akapaza sauti: "Labda vita imemugeuza!" Wakacheka.

Kisha nikamsikia mama. "Papa, leta iyo simu." Akapumua muda mrefu. "Mambo ya sufuria, muntu mwengine hajue. Ni mutoto yangu. Picha nimeona. Usirudie kwanza huku. Huku haiko muzuri."

Hapo sauti ilikatika. Niliirudia mara nyingi. Alikuwa anaogopa risasi, ao wale waliocheka? Ao mimi? Niliandika kuuliza. Papa hakujibu.

Kesho yake tangazo lilibadilika: "Amepatikana. Mama anashukuru." Picha ilibaki ya shati la chuo. Nani aliamua kuiacha, Papa ao mama? Na kama ni mama, alikuwa ananilinda ao ananikana? Kijana wa pichani alipongezwa na watu wengi.

Pale kibandani mteja mmoja, mtu wa Masisi, akanisogezea simu yake juu ya meza.

"Kaka, ona, uyu wamemupata! Si munafanana?"

"Tunafanana," nikasema.

"Mama yake atacheza leo."

Nilimpa nakala zake, akaondoka. Nilifungua simu yangu na kusoma pongezi zote tangu mwanzo. Halafu nikaongeza yangu chini kabisa, kwa jina langu na picha yangu: "Asante kwa kunitafuta, Mama."

Sijui kama kuna aliyemsomea.