Alama ya Mpira kwenye Udongo wa Kichuguu

Kiwanja cha tenisi cha klabu ya mgodini, huko Geita, kilikuwa cha udongo wa kichuguu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikisiriba. Mume wangu alichimba chini ya ardhi. Mimi nilitoka Shinyanga na ujuzi wangu wa kusiriba viwanja vya kupuria mtama kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Wazungu wakaona wamepata fundi.

Mwalimu wao wa tenisi alikuwa mchezaji wa kulipwa. Alikwisha kuzunguka miji ya Ulaya akicheza, ila jina lake halikuvuma. Mimi ni mdadisi, swali likinikaa tumboni silali. Nikamuuliza mbona hachezi mashindano ya klabu. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba anayelipwa haruhusiwi. Nilicheka hadi nikashika kiuno. Kwetu Usukumani mcheza ngoma hodari ndiye anayetangulizwa!

Tangu hapo nikatamani kumwona akicheza kweli. Yeye alikuwa na yake: mkataba ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuurefusha ni mkubwa wa mgodi; goti limechoka, na klabu nyingine ya kumpokea hakuna.

Jumamosi moja mkubwa wa mgodi akataka kupambana naye mbele ya wageni kutoka Mwanza. Walivutana mpaka ikabaki pointi moja. Atakayeipata ndiye mshindi. Mwalimu akapiga mpira wa chini chini, ukagonga ndani ya mstari, upana wa vidole viwili.

"Nje!" mkubwa akapaza sauti.

Nikatabasamu. Udongo wangu ulikuwa umeshika alama, wangekwenda kuitazama tu. Mwalimu akazunguka wavu upesi, akafika wa kwanza. Akaikanyaga ile alama, akaisugua kwa kiatu mpaka ikapotea.

"Kweli, Bwana. Nje."

Wageni wakampigia mkubwa makofi. Mimi nilikasirika kama niliyeibiwa. Walipoingia ndani kunywa, nikamfuata mwalimu na ndoo yangu mkononi.

"Bwana mwalimu, mpira ule ulikuwa ndani!"

Akageuka ghafla. "Uliuona, Mama?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Hakika?"

"Hakika. Umeshinda."

Akaketi pale pale chini, na nguo zake nyeupe, kwenye udongo wa kiwanja.

"Sema tena," akaniambia.