Hood ya jikoni ilivyomwagia mama mkwe wangu mafuta

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu na kucheka, leo acheni nichekwe mimi. Sitaongeza chumvi, maana hii hata bila chumvi imezidi.

Nina nyumba nje kidogo ya Kisumu, upande wa kwenda Ahero. Mwaka huu tukaamua kurekebisha jikoni. Tiles mpya, kabati mpya, sink mbili.

Wife yeye aliomba kitu moja tu: hood. Ile ya stainless inayokaa juu ya cooker inavuta moshi.

Sababu ilikuwa mamake. Mama ameuza samaki Usenge, kule ziwani, tangu ujana, akikaanga na kubanika mpaka kifua kikaharibika. Moshi kidogo tu anakohoa mpaka unamhurumia. Tangu tuoane alikuwa hajafika kwetu, na sasa wazee walikuwa wamekubaliana aje aone nyumba ya binti yake. Wife alitaka aketi naye jikoni wapike wakiongea, kama zamani kwao. Hiyo tu.

Nikanunua, tena ile kubwa. Hata nylon ya kuikinga nilimkataza fundi asiitoe, ndio ikae mpya. Na nyinyi mnaoacha nylon kwa makochi msijifanye hamnielewi.

Fundi akauliza bomba la moshi litokee wapi. Kulipandisha juu kungemaanisha kutoboa ceiling na mabati, na mvua ilikuwa karibu. Nikamwambia tupige ukuta wa pembeni, ule unaoangalia fence. Upande huo hakuna mtu hukaa.

Basi siku ikafika.

Kwa wasiojua mambo yetu: kwa Wajaluo, mwanaume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamketi pamoja, hamli pamoja, humwendei tu ukaanza kupiga story. Na yeye akiwa kwako, kiti unachompa ndicho anachokalia. Vijana wa sasa wamelegeza, lakini mimi siku hiyo nilitaka kuonekana najua heshima kuliko wazee wenyewe.

Kwa hivyo nikapanga watu. Wanaume sebuleni. Mama na wenzake wawili nje, pembeni mwa nyumba, maana mchana kivuli kizuri kiko huko. Kiti cha mama nilikiweka kwa mikono yangu, karibu na ukuta.

Wife akaniambia, "Baba Adhis, mimi nilitaka mama akae na mimi jikoni."

Nikamwambia mimi nitakuwa napitapita hapo, si heshima nigongane na mama. Akarudi jikoni. Ukweli wakuu, heshima ilikuwa nusu tu. Nusu ingine nilitaka jikoni ikae safi, bila akina mama kujaa, ndio niwaonyeshe wageni.

Mama alikuja na samaki, ngege wakubwa kutoka Usenge, amewachagua mwenyewe. Wife akaanza kuwakaanga.

Mimi nikamshika mjomba wa wife, ndiye alikuwa msemaji wao, nikampeleka aone hood. Nikabonyeza speed ya mwisho. Moshi wote ukapanda. Mzee akatikisa kichwa akasema haya sasa ndiyo maendeleo. Nikavimba kichwa.

Nje nikasikia mtu anakohoa. Nikasema ni vumbi la barabara. Halafu nikamwambia wife aongeze samaki kwa sufuria, mzee aone vile inavuta.

Dada yangu, aliyekuwa akihudumia wageni, akaingia akanivuta shati. "Zima hiyo kitu. Inamwagia mama."

Nikaenda mpaka mlango wa jikoni unaotokea huko pembeni.

Wale wenzake wawili walikuwa wameshasogeza viti. Mama hakuwa amesogea. Alikuwa ameketi wima pale pale chini ya lile bomba la ukutani, leso puani, na mafuta ya ule moshi yanadondoka tone kwa tone. Yalikuwa yameshika kitambaa chake cha kichwa na bega la gauni aliloshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa anakohoa mdomo umefungwa, ili sisi wa ndani tusisikie.

Hakusogea kwa sababu kiti kile alipewa na mkwe.

Na mimi siwezi kumwendea. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningekimbia nimnyanyue. Nilisimama tu mlangoni kama mjinga. Akainua macho akaniona, kisha yeye ndiye aliyeangalia chini, yaani ananionea haya mimi. Aibu niliyoiona hapo bado ninayo mpaka sasa navyoandika.

Wife akazima hood, akapita kando yangu bila kunitazama, akamshika mamake mkono akamwingiza chumbani. Akamvalisha dera lake. Mama alikula kidogo sana. Wakati wa kuondoka, yeye ndiye aliyeombea nyumba. Akaomba Mungu abariki jikoni ya binti yake, na mikono ya mwanaume aliyeitengeneza. Wote wakasema amina. Mimi nikaangalia mikono yangu.

Fundi amesharudi. Bomba limepanda juu, mabati yametobolewa, mvua imenyesha na hakuna tone lililoingia. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Wife hajanigombeza. Heri angenigombeza. Juzi alimpigia mamake simu, akamwalika aje tena, safari hii akae hata wiki, jikoni. Mama akasema ziara ilikuwa nzuri, chakula kilikuwa kitamu, na mkwe wake ana heshima sana. Lakini kuja tena, hapana, kifua siku hizi hakitaki safari. Wife akaweka simu chini akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Funzo langu: heshima ya kuonyesha watu si heshima. Na mke akikwambia mamake akae wapi, msikilize, yeye ndiye anamjua.

Sasa wazee wa mila humu ndani, nisaidieni. Unamwombaje msamaha mama mkwe ambaye huruhusiwi kumwendea, na yeye mwenyewe anasema hujamkosea? Matusi pia nayapokea, lakini mkimaliza mnijibu.