Posa Iliyojibiwa kwa Riwaya Yangu

Walisema sitaweza kuandika kitabu hata kimoja. Mjomba Rajabu, aliyenilea hapa Nguvumali, alisema mtu aliyekaa Maskati miaka saba akipanga makatoni ya maziwa ghalani atarudi na mgongo mbovu, si riwaya. Basi nimeandika, kimechapwa, kimesomwa mpaka Moa kule mpakani, na aibu niliyoipata kwa kitabu hicho naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu wasiojua hata kusimulia.

Nina stashahada ya uandishi, nimejilipia kwa mshahara wa ghalani, sikusaidiwa na mtu (pesa za uchapaji ndiyo nilikopa, kwa Mjomba na kwa majirani wawili, lakini kukopa si kusaidiwa). Riwaya yenyewe ni ya mapenzi, nyepesi, ya kumaliza kwa siku mbili: Zuhura, fundi cherehani anayekata vitambaa kwa mkono wa kushoto, anapendana na kijana aliyerudi kutoka Uarabuni, wanakutana kwa siri kwenye magofu ya Tongoni, wanabusiana mara moja tu, ukurasa wa tisini, kisha wanaoana.

Sasa, Nguvumali kuna fundi mmoja tu anayekata kwa mkono wa kushoto, anaitwa Rehema, na mimi nilimpenda tangu sijasafiri. Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nampelekea suruali azipunguze, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine, mpaka nikabaki sina suruali inayofika kwenye viatu.

Maoni ya wasomaji yakaja kila mtu na lake. Mama mmoja muuza vitumbua alisema amelia mara mbili. Mwalimu mstaafu alisema kijana wa kitabuni anajisifu mno, kila ukurasa anawatajia watu Maskati (wivu huo). Wasichana wa chuo walitaka mabusu yaongezwe, shangazi zao walitaka hilo moja liondolewe. Wazee waliuliza posa iko wapi, yaani ameoa bila barua, bila mshenga, huyu mwandishi mtoto wa wapi? Hayo yote niliyameza. Lililonikaa kooni ni la Saidi fundi baiskeli, aliyesema barazani, kahawa inamiminwa, watu wamejaa: "Kitabu kitamu, lakini unaona kabisa mwandishi hajapata kupendwa na mtu."

Baraza zima likacheka. Nami, badala ya kunywa kahawa yangu ninyamaze, nikasema, "Nani kakwambia nimebuni? Kila kilichomo humo nimekiishi."

Neno moja tu hilo. Na wiki ile ile Mjomba alikuwa amepeleka barua yangu ya posa kwa Mzee Kassim, baba yake Rehema (mimi, tofauti na kijana wangu wa kitabuni, nafuata utaratibu), tukawa tunangoja majibu.

Tukaitwa Ijumaa baada ya alasiri. Kwa desturi mposaji hakai kwenye kikao cha majibu, lakini tuliambiwa, "Na kijana aje." Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi, nikadhani wanataka niwasainie vitabu, nikavaa kanzu ya Maskati na kubeba nakala mbili na kalamu.

Wanaume walikaa ukumbini juu ya mikeka, wanawake nyuma ya pazia. Mbele ya Mzee Kassim palikuwa na sinia, na juu ya sinia, mahali pa barua ya majibu, riwaya yangu, imekunjwa ukurasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Mimi si msomaji, nimesomewa. Ukurasa huu wa tisini, Tongoni, ni kweli?"

"Ni hadithi tu, mzee."

"Barazani ulisema umeishi."

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akatazama mkeka.

"Basi chagua mwenyewe. Kama ni kweli, umenivunjia heshima nyumbani kwangu. Kama ni uongo, umemsingizia mwanangu, tena ukausimamia uongo mbele ya watu. Kipi?"

Nikazisukuma zile nakala mbili nyuma ya mgongo wangu. Nikasema, "Ni uongo, mzee. Sijawahi hata kumshika mkono. Sijawahi kushika mkono wa mwanamke yeyote, kule ghalani tulikuwa wanaume watupu."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, na mwingine akamdakia.

"Masikini, na busu kaliandika kurasa tatu!"

"Mie nilijua. Nani anabusu huku anataja mshahara wake?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, hata wazee wa posa, watu niliokuja nao mimi. Kisha sauti ya Rehema ikasema, "Baba, naomba nijibu mwenyewe," na vicheko vikakatika.

"Kitabu nimekisoma mara mbili. Kizuri. Yule kijana wa ndani ningemkubali, maana yeye walau alimwambia Zuhura kwanza. Huyu aliyekaa hapo aliniambia nini? Aliniambia punguza inchi mbili. Halafu akaenda kuliambia baraza zima. Sasa wateja wananiuliza Tongoni kulikuwa na upepo gani. Jibu langu ni hapana."

Nakala mbili nilirudi nazo, na kalamu.

Habari zikaenea, na kila mtu akataka kusoma ukurasa wa tisini. Kitabu kikaisha chote, hata zile mbili. Nikawalipa majirani wote wawili, siku moja, kabla ya adhuhuri, kisha nikaenda kwa Mjomba nikamwekea zake mkononi, nikangoja aseme kwamba nimeweza.

"Umeweza," akasema. "Na Rehema?"

Nilijua. Watu walikuwa wanaenda kibandani kwake kumtazama, hawaendi kushona. Alikuwa amebeba cherehani yake akahamia Muheza kwa mama yake mdogo.

Mjomba akazikunja zile pesa, akazitia mfukoni bila kuzihesabu. Niliapa pale pale mlangoni kwake kwamba barazani sifungui tena mdomo ila kwa kahawa, na sijafungua. Nguvumali hakuna anayenidai. Siku ile ya kulipa nilitembea mtaa mzima nikiwa nimevaa suruali inayoishia juu ya vifundo, na hakuna fundi niliyethubutu kumpelekea airefushe.